Mwito wa Pili

Shangazi Zaituni alikuwa ameketi juu ya jiwe lake, anakwangua ukoko wa makande kwenye sufuria, wakati vijana wa magwanda ya kijivu walipotokeza kwenye ukingo wa ndiva, bwawa la maji ya kijiji, na bunduki zao. Hakuacha kukwangua. Aliwaambia kwamba kama wamefuata kazi, majembe yale pale, na kama wamefuata chakula, wamechelewa. Kiangi, ambaye utotoni alishinda mlangoni pake kila siku mama yake alipokosa unga, ndiye aliyefyatua. Risasi ilitoboa sufuria kwanza, ikaingia kifuani, na makande yakamwagikia mapajani mwake. Alianguka kiubavu, kinywa wazi, kijiko bado mkononi.

Nakadori aliyaona hayo akiwa juu ya ukuta wa ndiva hiyo, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa ukuta wa Irindi, na kwa sababu hiyo peke yake hawakumpiga risasi. Walimburuta kwa nywele mpaka chini, wakamgonga mgongoni kwa kitako cha bunduki ili apige magoti, na alipoinua uso akamwona mdogo wake.

Togolani alikuwa ameingia ulinzi wa mashamba ya kampuni ya Zao Kuu msimu ule ambao mahindi yaliungua yakiwa na kimo cha goti. Vijana wengi wa Irindi waliingia msimu ule, kwa sababu walinzi walikula mara mbili kwa siku. Sasa alivua koti lake, akamfunika shangazi yao uso na kifua, akarudi kusimama kwenye mstari. Hakumtazama dada yake.

Kamanda wao, Nandonde, hakuwa mtu wa milimani. Alikuwa na tumbo la mtu mwenye furaha na sauti ya upole. Aliivua pembe ya tandala shingoni mwa maiti, akaifuta damu kwenye suruali, akaipuliza. Ikatoka sauti kama ya mtu aliyeshiba maharage. Vijana wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Huo ndio uliokuwa ubaya wake: alikuwa mtu rahisi kupendwa.

Alipomaliza kucheka alimweleza Nakadori anachotaka. Alitaka ukuta uache kuisikiliza pembe, usikilize king'ora chake.

Ukuta wa Irindi haukuwa wa saruji. Katika miaka ambayo mvua ilikuja kama fumanizi na kuondoka na kila kitu, mabwawa ya saruji yalipasuka moja baada ya jingine, ndipo chuo cha umwagiliaji alichosoma Nakadori kikaotesha udongo hai: mfinyanzi uliochanganywa na vijidudu vilivyolelewa maabara mpaka vikajifunza kushikana. Chembe za udongo ule hukaa zimeshikana kama vidole vilivyosukwa. Ukuta ukipata ufa, unajiziba. Ukiupasua kwa baruti, unajifunga kabla vumbi halijatua. Lakini ukihisi mtetemo mmoja tu uliofundishwa, chembe huachana na maji hupita katikati yake, kwa muda wote mtetemo unapodumu. Mtetemo ukikoma, ukuta hurudi kuwa ukuta.

Watu wa Irindi walijichagulia mtetemo wenyewe. Hawakutaka kitufe. Walitaka pembe ileile iliyokuwa ikiwaita mababu zao kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope. Nakadori alirudi kutoka chuoni na stashahada yake mbichi, akakaa na shangazi Zaituni msimu mzima, mmoja anapuliza na mwingine anaulisha ukuta, halafu wanabadilishana, mpaka udongo ukazijua pumzi zao wawili. Watu wa Zao Kuu waliwahi kuja na vinasa sauti, wakarekodi, wakapiga kwa vipaza sauti vikubwa kuliko nyumba. Ukuta ulikaa kiziwi. Ulikuwa umefundishwa pumzi, si kelele.

Miito ilikuwa miwili. Wa kwanza, wa mikato mifupi, ulikuwa wa watu: shukeni birikani. Birika lilikuwa shimo pana la mawe chini ya ukuta, mahali maji yanapoangukia kabla ya kugawanyika kwenda kwenye mifereji ya mashamba, na kila msimu lilijaa tope. Wa pili, mrefu, ulikuwa wa ukuta.

Nandonde alikuwa amekwisha kuwakusanya watu. Nakadori aliwasikia toka pale alipopiga magoti: mtaa mzima, mama yake akiwa humo, umefungiwa ndani ya ghala la mahindi, na vijana wawili wanazunguka kumwaga petroli kwenye kuta zake. Harufu ilimfikia kabla hajaelezwa. Kamanda alisema kwamba jua likigusa mlima kabla ukuta haujakitii king'ora, atawasha. Alisema hivyo kama mtu anayeagiza chai.

Nakadori alijua maana ya king'ora kile. Chini yao palikuwa na kijiji cha Kwemboga. Zao Kuu walichukua chemchemi yao kwa bomba moja, na kabla ya mavuno kufika watu walishuka barabarani wamebeba milango ya nyumba zao vichwani, kwa kuwa mlango ndicho kitu pekee kilichobaki chenye thamani. Hawakurudi. Leo ukipita Kwemboga unaona kuta zenye matundu, na mbuzi.

Akafanya kazi yake ya ufundi. Alimwambia Nandonde ukweli mtupu: masikio ya ukuta, yale mabamba ya udongo laini yanayopokea mtetemo mpya, yako chini birikani, na yamezikwa na tope. Pembe ukuta unaijua hata ukiwa umelala, lakini sauti mpya haufundishiki masikio yakiwa yameziba. Lazima tope litoke.

Kamanda alitazama ghalani, kisha akatikisa kichwa. Hakuwa mjinga wa kuwapa majembe watu aliotoka kuwapiga. Akawaamuru vijana wake washuke wachimbe.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka, na halikugeuzwa na Nakadori. Vijana walisitasita. Walitazamana, wakatazama birika, wakajikuna. Kiangi ndiye aliyesema, nusu kwa aibu, kwamba birikani hakuingiwi hivihivi. Msaragambo hauanzi bila pembe. Kamanda akamuuliza kama anaogopa tope. Kiangi akajibu kwamba haogopi kitu, lakini mama yake alimlea hivyo, na wenzake wote walilelewa hivyo, na kwamba yule fundi anajua kupuliza, apewe tu, ni dakika moja.

Nandonde alipenda vijana wake wawe na raha. Akaitupa pembe. Nakadori akaidaka kwa mikono miwili.

Ilikuwa bado na uvuguvugu wa damu. Aliishika, na wazo likamjia lote kwa mkupuo, kama mtu aliyefunguliwa mlango usoni. Akageuka pembeni, akatapika. Walidhani ni woga, na mmoja akamwambia ajikaze, fundi mzima.

Akapuliza mwito wa kwanza.

Ungewaona. Wauaji wale walitua bunduki zao kwenye ukingo, kwa sababu silaha haishuki birikani. Walivua viatu. Walichukua majembe na makarai kwenye rundo lilelile ambalo shangazi Zaituni aliwaonyesha, wakashuka ngazi za mawe wakipeana migongo ya kushikilia, na kabla jembe la kwanza halijazama mmoja alikwisha kuanzisha wimbo. Kamanda alibaki juu, mikono kiunoni. Wakaanza kumtania. Aliyesimama ukingoni wakati wa msaragambo, walimwambia, hanyimwi ugali tu, anaimbwa mpaka kwenye harusi yake. Kiangi akaimba ubeti kuhusu tumbo la kamanda. Nandonde akacheka, akavua buti, akakunja suruali, akashuka mpaka tope likamfika kwenye magoti. Bastola yake hakuiacha. Yeye hakulelewa Irindi.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mwito wa pili. Kwa nini waulize? Tangu mawe ya kwanza ya birika lile yalipopangwa, mpigaji hushuka na watu, huchimba na watu, hupanda wa mwisho, hutazama chini, na akiona hata kuku hapulizi. Hawakuwa wamewahi kusikia mtu aliyefanya vingine. Wangeweza kumwogopa Nakadori akiwa na kisu. Akiwa na pembe, walimpa mgongo.

Naye alishuka kama ada. Alichimba kando ya mdogo wake.

Togolani alichimba vizuri, jembe likizama mpaka mpini, kama alivyofundishwa na baba yao. Alimwambia bila kuinua uso kwamba kesho atakuja kumzika shangazi, ameshaomba ruhusa. Nakadori akamuuliza kama ni kweli watawasha ghala. Akajibu kwamba kamanda anatisha tu, ni maneno.

"Na akikuamuru wewe uwashe?"

Jembe lilipanda, likashuka. Likapanda tena.

"Dada, chimba."

Mdogo wake alikuwa na mikunjo midogo ya jasho nyuma ya shingo, ileile aliyokuwa nayo alipobebwa mgongoni, na Nakadori aliitazama mpaka macho yakamuuma. Kisha akamwambia kwa sauti ya kawaida apande juu, amletee kisanduku cha vifaa kilichobaki kwenye kibanda chake kule nyuma ya ukuta.

Kiangi alisikia, akaguna, akasema kwamba mtoto wa mama anatafutiwa njia ya kukwepa. Wengine wakacheka. Togolani akacheka nao, shingo imemwiva kwa aibu.

"Hakuna anayepanda kazi haijaisha, dada. Unataka nichekwe mpaka nizeeke?"

Akamwambia tena. Alimshika mkono. Togolani akautoa mkono wa dada yake taratibu, kama mtu mzima anavyomtoa mtoto kwenye nguo yake, akaendelea kuchimba. Nakadori angeweza kulia. Angeweza kumng'ang'ania, na wote wangejua, na ghala lingewaka kabla ya jua kugusa mlima. Akasema basi, atakifuata mwenyewe.

Alipanda ngazi. Miguu ilikuwa mizito kwa tope. Kando ya jiwe alilala shangazi yake chini ya koti la kijivu, nzi wakianza kazi yao. Nakadori alisimama juu ya jiwe, akatazama chini kama ada inavyotaka. Aliwaona wote. Aliona vipara, migongo, karai linalopita mkono kwa mkono, kamanda akijipangusa uso kwa mkono wa shati. Akaiinua pembe.

Kiangi ndiye aliyemwona.

"Bado, fundi," alisema, akitabasamu kama anayemkosoa mgeni. "Hatujatoka."

Akapuliza.

Ukuta ulitoka jasho kwanza. Kisha uso wake wote, kutoka juu mpaka chini, uliachia. Maji hayakumwagika, yalitoka kama yalivyosimama, pande zima lenye kimo cha nyumba, likawafunika huku midomo yao ingali kwenye wimbo. Tope walilokuwa wamelilegeza kwa majembe yao likainuka nao. Majembe yenyewe yakageuka kuwa mapanga: yalizunguka ndani ya yale maji na kukata chochote kilichokuwa hai. Nakadori aliona mkono ukitokeza bila mwenyewe. Aliona paji la uso la Kiangi likigonga jiwe la pembeni mara moja, mara mbili, na mara ya pili halikuwa tena paji la uso. Nandonde aliibuka, tope limemjaa kinywani, akapiga bastola akielekeza kwenye sauti. Risasi moja ilipita hewani. Nyingine ilichana sikio la kushoto la Nakadori na kuondoka na kipande chake, na hakuisikia, kwa kuwa kichwani mwake hakukuwa na nafasi ya kusikia kingine zaidi ya pembe.

Pumzi ikamwishia. Mtetemo ukakoma. Ukuta ukafumba.

Jambo hili hawalisemi watu wanapoisimulia habari ile, wanaruka hapa. Ukuta ulifumba, na birikani bado kulikuwa na watu hai. Walikuwa wanaelea, wanakohoa, wanashikana. Kamanda alikuwa amepata ngazi ya chini na kuikumbatia. Wanne au watano walikuwa wanaparamia mawe kuelekea upande wa bunduki. Na kwenye mdomo wa mfereji mkuu, vidole vya mtu vilikuwa vimeshika ukingo, vidole vyembamba, kidole gumba kina kovu la panga la utotoni. Nakadori alikijua kidole kile. Alikifunga yeye mwenyewe kwa kitambaa cha shule siku kilipokatika.

Kijana wa kwanza aligusa kitako cha bunduki.

Nakadori alivuta pumzi, akapuliza tena. Ukuta ukafunguka. Ngazi ikabaki tupu na bunduki zikabaki na maji. Pumzi ilipokwisha, vidole vilikuwa pale pale, vimeng'ang'ania, kucha nyeupe. Hakuuona uso wa mwenye vidole. Hakujua kama anataka kupanda aje kumkumbatia, au aje kumuua, au akimbilie ghalani. Damu ya sikio ilimwingia mdomoni. Alivuta pumzi ya tatu mpaka mbavu zikamuuma, na akaitoa yote.

Maji yalipotulia yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mifereji yote ya Irindi ilikuwa inakimbia.

Ghalani walisikia ngurumo. Walioshika petroli waliacha madumu, wakakimbilia birikani kuona, na waliporudi mlango ulikuwa umevunjwa. Walikutana na watu waliokaa siku nzima wakinusa kifo chao. Mmoja wao alizikwa baadaye. Wa pili hakukuwa na kitu cha kutosha kuzika.

*

Maji yale yaliinywesha mahindi mara moja tu. Mahindi yalitoa mbelewele, yakaanza kubeba, yakasimama yakingoja ya pili. Birika lilikuwa limejaa tope upya na kuziba midomo ya mifereji, ukuta ule mkubwa ukiwa na ndiva nzima nyuma yake, na hapakuwa na mtu wa Irindi aliyekubali kushuka.

Si kwamba hawakuambiwa. Nakadori alipuliza mwito wa kwanza asubuhi, mfupi mfupi, kama siku zote. Watu walitoka majumbani na majembe yao begani, wakaja mpaka ukingoni, wakasimama. Walitazama chini, wakamtazama yeye, bandeji kichwani, pembe mkononi. Kina mama wakawavuta watoto nyuma. Mmoja baada ya mwingine wakaondoka, na majembe yao makavu. Alishuka peke yake akachimba mpaka viganja vikatoka damu, na tope halikupungua hata kufikia jiwe la kwanza.

Ndipo wakaitisha kikao, palepale ghalani, harufu ya petroli ikiwa bado haijatoka kwenye kuta. Mwenyekiti wa maji alikuwa Bwana Senkondo, mtu wa maneno ya polepole. Aliyapanga mambo kwa haki. Alisema kila aliye hai humo ndani yuko hai kwa sababu ya Nakadori, na hakuna anayelikataa hilo. Alisema pia kwamba waliokufa birikani, ukimtoa kamanda, walikuwa watoto wa watu hawahawa walioketi. Kila mtu alijua: hata mama yake Kiangi alikuwa amekaa karibu na mlango, khanga kichwani, na shangazi Zaituni aliyeuawa na mwanawe alikuwa shoga yake.

Kwa hiyo, Senkondo aliendelea, wanaomba kitu kidogo. Nakadori asimame mbele ya birika, aombe radhi kwa kuvunja mwito. Aseme ilikuwa siku mbaya na haitarudiwa. Akishasema, watu watashuka kesho asubuhi. Mahindi yataokoka. Aliangalia huku na huku, na vichwa vikatikisika kukubali, hata vya waliompenda. Alikuwa anawapa wote njia ya kurudi nyumbani.

Mama Nakadori akainuka. Hakuwa amesema na binti yake tangu walipomtoa Togolani kwenye mfereji. Alimsogelea mpaka ikabaki pumzi moja kati yao.

"Hao waache," alisema. "Niombe radhi mimi. Hata kwa sauti ya chini. Togo asingewasha lile ghala, Dori. Ulimlea. Unajua asingewasha."

"Nilimuuliza, mama."

"Akasemaje?"

"Akaniambia nichimbe."

Mama yake alijifumba mdomo kwa kiganja. Nje upepo mkavu ulikuwa unapukutisha majani ya mahindi, sauti waliyoijua wote.

Senkondo alimsihi. Alisema ni neno moja tu, binti yangu, linasemwa na kupita, wala hapana anayekupima moyo. Msimu mzima uko kwenye neno hilo.

Nakadori aliivua pembe shingoni, akaishika mbele yake ili kila mtu aione. Bandeji ilikuwa imeloa upande mmoja.

"Mnataka niseme haitarudiwa, ili mshuke mkiwa mmefumba macho," alisema. "Nikisema hivyo nitakuwa nawadanganya, na nyinyi mtakuwa mle ndani na mimi nitakuwa huku juu. Pembe hii inaua. Mmeona. Atakayeshuka ashuke anajua hivyo, atazame juu kila mara aone kama naipandisha mdomoni. Ambaye hawezi, abaki, mahindi yafe. Nitachimba ninavyoweza."

Mama yake Kiangi alisema kitu kwa sauti ya chini pale mlangoni, na Nakadori akamgeukia, akamsikiliza mpaka mwisho. Akarudisha macho kwa mama yake mwenyewe.

"Pumzi ya kwanza sikujua nani angebaki. Ya pili nilikuwa nawaogopa wale waliofika kwenye bunduki. Ya tatu nilikuwa naviona vidole vyake, mama. Nilivijua. Nikavuta pumzi nikijua ni vya nani, nikapuliza. Siombi radhi."